Tezi dume haiponi kwa aibu, wala kwa chupa za mlangoni pa msikiti

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo hatuna habari ya maulidi wala ya matokeo ya madrasa. Tuna habari ya mkojo. Atakayeona vibaya kulikuta neno hilo katika jarida la familia tunamuomba avumilie kidogo, kwani vitabu vya fiqhi ambavyo watoto wetu wa miaka saba wanavisoma huanza na mlango wa twahara, na humo haja ndogo na haja kubwa zinatajwa bila ya kigugumizi. Tuliyasoma hayo tukiwa watoto, tumekuja kuyaonea haya baada ya kuota mvi!

Mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Buyenzi, Bujumbura, alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Tangu utoto wetu tulimkuta pale, nyuma ya imamu upande wa kulia. Miaka mitatu iliyopita akaanza kurudi nyuma, safu moja, kisha nyingine, mpaka akawa anaswali karibu na mlango. Baadaye akawa haonekani ila siku ya Ijumaa. Watu wakasema yao. Kuna waliosema amegombana na kamati, kuna waliosema dunia imemshughulisha uzeeni. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Kumbe mzee akirukuu anahisi matone, na akiingia chooni kabla ya swala anasimama mkojo hautoki mpaka inakimiwa na kusaliwa rakaa ya kwanza. Usiku akiamka mara tano, mara sita. Mkewe aliona kuwa bwana halali, lakini sababu hakuambiwa.

Aliyezungumza na mzee kabla ya mtu yeyote lilikuwa ni tangazo. Lilisema ipo dawa ya miti inayoyeyusha tezi dume kwa siku 21 bila ya upasuaji. Na tangazo hilo, ndugu zetu, lilitoka katika ukurasa wa mwisho wa jarida hili hili mnalolisoma. Tulilipwa, tukalipitisha, hatukuuliza swali hata moja. Mzee alinunua chupa saba katika miezi minane. Usiku mmoja wa mwezi wa Shaabani mkojo ukaziba kabisa. Alifikishwa hospitali akiguna kwa maumivu, tumbo limetuna chini ya kitovu, na mpira ulipoingizwa ikatoka zaidi ya lita moja na nusu. Damu ilipopimwa ikaonekana figo zimekwisha kuathirika.

Mzee ametusamehe, Allah amlipe kheri. Lakini tulilolichapa mbele ya watu wote ni haki tulirudi mbele ya watu wote.

Kwanza tuelewane ni kitu gani tunachokizungumza, maana mitaani maneno yamechanganywa. Mtu akisema "ngiri", mmoja anakusudia utumbo ulioshuka, mwingine busha, mwingine maumivu ya kiuno, mwingine upungufu wa nguvu za kiume, na muuzaji ana chupa moja kwa yote hayo. Tezi dume ni kiungo chake peke yake. Kila mwanamume amezaliwa nacho, kimekaa chini ya kibofu, na kwa kijana kina uzito wa gramu 20 hivi, mfano wa ndimu ndogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za uzazi. Mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi unavyopita katika punje ya tasbihi. Basi mtu anapovuka miaka 40 tezi hii huanza kukua taratibu, na punje ikinenepa kwa ndani tundu linabana. Huo ndio ugonjwa wenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo hata wenye elimu hulikosea. Ukubwa wa tezi si kipimo cha taabu. Yupo mwenye tezi kubwa mno anakojoa vizuri, na yupo ambaye tezi imeongezeka kidogo tu, lakini imekua kuelekea ndani, akataabika. Kwa hiyo karatasi ya ultrasaundi inayosema "tezi imekua" peke yake haitoshi kumtia mtu hofu, wala inayosema "imekua kidogo" haitoshi kumtuliza asiyelala usiku.

Ni wangapi wanaokuwa nayo? Katika wanaume wa miaka 50 hadi 60 ni karibu nusu ambao tezi yao imeanza kukua, na wakifika miaka 80 ni wanane au zaidi katika kila kumi, ingawa si wote watakaosumbuka. Katika safu ya wazee kumi wanaokaa kibarazani kusubiri adhana ya alasiri, anayedhani kuwa yuko peke yake amezungukwa na wenziwe, na kila mmoja amenyamaza akimsitiri mwenzake asiyejua kuwa anasitiriwa.

Sababu zake zinazojulikana ni umri na homoni ya kiume. Ndani ya tezi, homoni ya testosteroni hugeuzwa kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, na hiyo ndiyo inayoikuza. Hili lilifahamika vizuri baada ya wanasayansi kueleza, mwaka 1974, habari za familia fulani za Jamhuri ya Dominika ambazo baadhi ya wanaume wao walizaliwa bila ya uwezo wa kuigeuza homoni hiyo, na tezi zao zikabaki ndogo maisha yao yote. Kutoka hapo ikatafutwa dawa ya kuzuia ugeuzaji huo, finasteridi, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992. Katika habari yote hiyo hamna zinaa ya ujana, hamna kurogwa, hamna kukalia jiwe la baridi wala kuendesha baiskeli. Wale wanaotikisa vichwa na kusema "huyo alikula ujana wake vibaya" wanamsengenya mgonjwa, nao wanajua hukumu ya kusengenya.

Na saratani? Kukua kwa tezi ni jambo moja na saratani ya tezi ni jambo jingine, la kwanza haligeuki kuwa la pili. Lakini yote mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja, na saratani mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Takwimu za Marekani na Uingereza zimeonyesha wazi kuwa watu weusi hupatwa na saratani hiyo zaidi ya weupe. Ndiyo maana mtu asijitibu kwa kukisia akasema "yangu ni ya kawaida tu".

Sasa tuje kwenye aibu.

Mwezi Novemba mwaka 1985 Nelson Mandela, akiwa mfungwa wa gereza la Pollsmoor na umri wa miaka 67, alipelekwa hospitali mjini Cape Town akafanyiwa upasuaji wa tezi dume iliyokua. Akiwa kitandani, waziri wa sheria wa serikali iliyomfunga, Kobie Coetsee, akaenda kumtazama, na kuanzia ziara hiyo mlango wa mazungumzo baina ya pande mbili ukaanza kufunguka. Mandela mwenyewe aliyasimulia haya katika kitabu chake cha mwaka 1994, tezi dume na yote. Tarehe 17 Januari 2024 Mfalme Charles wa Uingereza, mwenye miaka 75, alitangaza kupitia ofisi yake kuwa anakwenda hospitali kutibiwa tezi dume iliyokua, kwa makusudi kabisa ili wanaume wengine wakapime. Watu waliotafuta maelezo ya ugonjwa huo katika huduma ya afya ya nchi yake wakaongezeka mara nyingi siku ile ile. (Saratani aliyogunduliwa nayo baadaye haikuwa ya tezi dume, ilitangazwa hivyo.)

Hatuwatolei mfano watu hao kwa sababu ni wakubwa. Tunauliza tu: mfalme ana hadhi ya kulinda kuliko sisi, mbona hadhi yake haikuanguka? Ni hadhi ipi hii yetu inayolindwa kwa kulowanisha kanzu gizani na kuifua mwenyewe kabla mke hajaamka?

Halafu kuna kile kidole. Vijana wetu, tunajua mizaha mnayoitumiana katika simu kuhusu daktari na glavu yake. Mzaha huo baba yako anausikia akiwa amekaa pale sebuleni, na anajiapia moyoni kuwa hatakwenda. Kipimo chenyewe ni cha nusu dakika. Daktari anapapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya nyuma kujua ukubwa, ulaini au ugumu wake, kwa kuwa tezi iliyokua kawaida ni laini na yenye saratani inaweza kuwa ngumu au na vinundu. Uchi kufunuliwa kwa dharura ya tiba, kwa kadiri ya haja, ni jambo ambalo wanachuoni hawakutuachia kulijadili kwa mizaha. Walikwisha kuliruhusu karne nyingi zilizopita. Na si kila mahali kipimo huanzia hapo. Mara nyingi huanza na maswali, mkojo, damu ya kuangalia figo, ultrasaundi kabla na baada ya kukojoa ili kuona mkojo uliobaki, na kipimo cha damu kiitwacho PSA. Hicho nacho kisomwe na mjuzi: kinaweza kupanda kwa sababu ya tezi kukua tu, au uambukizo, au mpira uliotiwa juzi, na kinashuka kwa karibu nusu kwa aliyetumia finasteridi miezi sita au zaidi, hata akadanganyika kuwa ni salama. Anayekwenda kupima ataje dawa zote anazokunywa.

Tukimaliza aibu tunakutana na anayekula kwa aibu hiyo, na hapa tunasema bila ya kumung'unya maneno.

Kila Ijumaa baada ya swala, mlangoni pa misikiti yetu, hapa na Uvira na Kigoma, pana meza. Juu yake pana chupa za maji ya kahawia, na bango: tezi dume, ngiri, busha, kisukari, presha, uzazi, nguvu za kiume. Chupa haina jina la mti, haina kipimo, haina tarehe, haina jina la aliyeitengeneza. Ina aya na picha ya msikiti wa Madina. Tukiuliza, tunaambiwa "hii ni tiba ya sunna". La hasha! Mtume (s.a.w.) alituhimiza kutafuta dawa, ni kweli, na katika mafundisho yake limo pia onyo kuwa anayewatibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba atabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mbona bango halilitaji hili la pili? Mzee wetu alipolazwa, nani aliyebeba dhamana? Namba ya simu iliyokuwa kwenye tangazo haikupokelewa tena.

Hatumkatazi mtu habbasoda na asali mezani kwake. Wala hatusemi kila mti ni uongo, na kwa hili tutataja mti wetu wenyewe. Katika milima ya Kivu, na ya Kenya na Kameruni, na huko Madagaska, umo mti ambao Wakikuyu wanauita muiri na wataalamu wanauita Prunus africana. Magamba yake yamepelekwa Ulaya kwa miaka mingi kutengenezewa vidonge vya tezi dume, na yalibanduliwa kwa fujo kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake baina ya nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2002 yaliona kuwa dawa yake ilileta nafuu ya wastani kwa baadhi ya dalili, lakini majaribio yenyewe yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Haya ndiyo maneno ya haki kuhusu mti huo, na hayafanani na "siku 21 tezi imeyeyuka".

Mti mwingine unaosifiwa kwenye vidonge vya bei kubwa kutoka ng'ambo ni saw palmetto, mfano wa mkindu mfupi wa Marekani. Huu umepimwa vizuri. Mwaka 2006 wanaume 225 waligawanywa, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu kidonge kitupu kilichofanana nayo, kwa mwaka mzima. Hapakuwa na tofauti. Watu wakasema huenda kipimo kilikuwa kidogo. Mwaka 2011 ukatolewa utafiti mwingine wa wanaume 369, kipimo kikaongezwa hadi mara tatu. Hapakuwa na tofauti tena. Na zingatieni hili, kwa kuwa ndilo linalovunja hoja ya "mimi nilitumia nikapona": katika utafiti huo hata waliokunywa kidonge kitupu walipata nafuu kidogo. Dalili za tezi dume zina tabia ya kupanda na kushuka zenyewe. Anayenunua chupa siku aliyozidiwa, akapata nafuu wiki inayofuata, ataapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa ni ile chupa, na hasemi uongo, amekosea tu. Ushuhuda wa watu kumi wa namna hiyo ndio uliotudanganya sisi tulipolipokea tangazo.

Tena kuna hatari iliyofichika. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imetoa maonyo mara nyingi kuhusu bidhaa za nguvu za kiume zinazoitwa za asili, ambazo zilipopimwa zilikutwa zimetiwa sildenafili kwa siri. Mzee anayekunywa dawa za moyo za jamii ya naitreti akichanganya na hiyo bila ya kujua, presha inaweza kuanguka akafa. Bango haliandiki hivyo.

Lakini madhara makubwa zaidi ya chupa ni muda. Kibofu kinachosukuma mkojo kupita njia iliyobana hufanya kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani: kwanza misuli inanenepa, kisha inachoka. Mkojo unabaki, unaoza, unaleta uambukizo na mawe, na ukijaa mno unarudisha mgandamizo kwenye figo. Miezi minane ya mzee wetu haikwenda bure. Ilikwenda kwenye figo zake.

Hospitali ina nini basi? Si miujiza, na ni afadhali tuseme hivyo. Mwenye dalili ndogo anaweza asipewe dawa yoyote, akaangaliwa tu kila mwaka na kufundishwa mwenendo: apunguze kunywa saa mbili tatu kabla ya kulala, apunguze kahawa na chai ya usiku, akojoe kisha angoje kidogo akojoe tena, na ajihadhari na dawa nyingi za mafua na za mzio zinazouzwa bila ya cheti, kwani zinaweza kuuzibisha mkojo ghafla. Wazee wangapi wameziba baada ya mafua, wakadhani ni baridi!

Mwenye dalili za kati hupewa dawa za kulegeza misuli ya shingo ya kibofu, kama tamsulosini, na nafuu huonekana kwa siku chache au wiki chache. Zinaweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama, kwa hiyo anayeinuka kutoka sijda afanye taratibu, na anayekwenda kupasuliwa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kuwa anazitumia. Mwenye tezi kubwa hupewa finasteridi au ndugu yake dutasteridi, ambazo huipunguza tezi kweli, lakini zinahitaji miezi sita ndipo zihukumiwe, na mke mja mzito asishike kidonge kilichovunjika. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2003, wa wanaume 3,047 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka minne, uliona kuwa kutumia aina hizo mbili pamoja kulipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 66. Siku 21 hazimo.

Na upasuaji ndiyo neno wanalolitumia wauzaji kutishia watu. "Watakukata uume wako ufe!" Ukweli ni kwamba mara nyingi tezi hukwanguliwa kupitia mrija wa mkojo bila ya kisu juu ya ngozi, na palipo na tezi kubwa sana, au pasipo na vifaa hivyo, hufunguliwa chini ya tumbo. Wengi wanabaki na nguvu zao kama zilivyokuwa. Kinachobadilika kwa wengi ni kuwa manii hurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Hayamdhuru mtu, lakini anayetaka mtoto aseme mapema. Jambo hili daktari asipolieleza, mgonjwa na mkewe waliulize, ni haki yao.

Tunajua mtakachotujibu: hospitali ghali, bingwa wa mkojo hayuko kila wilaya, na foleni ya upasuaji humfanya mtu akae na mpira kwa miezi. Haya ni kweli, na serikali zetu zinastahili kulaumiwa kwayo. Lakini hesabuni bei ya chupa saba, kisha ulizeni bei ya vipimo vya kwanza. Mzee wetu alihesabu akiwa wodini, akainamisha kichwa.

Jambo la ibada tunalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililomtoa mzee safu ya kwanza. Alidhani swala yake inabatilika kwa kila tone, akaona afadhali asiwachafulie wenziwe msikiti. Mwenye kutokwa na matone asiyoweza kuyazuia ana hukumu yake tangu zamani. Katika madhehebu ya Imamu Shafii ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, husubiri wakati wa swala uingie, akajisafisha, akaweka kitambaa au pamba ya kuzuia, akatawadha, akaswali bila ya kuchelewa, na kitakachotoka baada ya hapo kimesamehewa. Kila faradhi huitawadhia upya. Mwenye mpira na mfuko naye anaswali, na maelezo ya hali yake amuulize shekhe aliye karibu naye. Masheikh wetu, mawaidha ya haya yanatolewa lini? Tumesikia khutba ngapi za urefu wa suruali, na ngapi za mzee anayedondokwa?

Katika Ramadhani pana makosa mawili. Wapo wanaoogopa kuamka usiku wakaacha kunywa maji hata baada ya futari. Hao wanaukausha mwili na kuukoleza mkojo. Wanywe sehemu kubwa mapema baada ya magharibi, wapunguze kadiri usingizi unavyokaribia, kisha wanywe tena kwenye daku. Kosa la pili ni la hatari zaidi: mkojo kuziba mchana na mtu akangoja jua lizame kwa kuogopa kuwa mpira utamfunguza. Asingoje hata saa moja. Saumu italipwa siku nyingine kama ikibidi. Kadhalika asingoje mwenye homa na mkojo unaouma, mwenye kukojoa damu yenye mabonge, wala mwenye maumivu ya mgongo pamoja na miguu kuishiwa nguvu.

Mama zetu, ninyi ndio wa kwanza kujua. Bwana akiamka mara nne usiku, usimwambie "punguza chai" ukageukia ukutani. Na nyinyi watoto mliosoma, msimngoje baba aanze, hataanza. Akipewa maswali saba ambayo madaktari duniani wanayatumia, atajibu kimya kimya kwa kalamu kile asichoweza kukisema. Katika mwezi uliopita: ni mara ngapi umehisi kibofu hakikuisha? Mara ngapi umerudi chooni kabla ya saa mbili kupita? Mkojo umekatika na kuanza tena? Umeshindwa kuuzuia ulipokuja? Umetoka dhaifu? Umelazimika kukamua ili uanze? Umeamka mara ngapi usiku? Kila swali lina alama 0 mpaka 5. Jumla hadi 7 ni dalili ndogo, 8 hadi 19 ni za kati, 20 hadi 35 ni kali. Kisukari nacho huleta baadhi ya hayo, kwa hiyo sukari ipimwe pia.

Kamati za misikiti tunaziomba ziondoe meza zile katika viwanja vya waqfu mpaka kila muuzaji alete jina la mti, kipimo, na kibali cha wizara. Muuzaji anayeona tumemdhulumu na aandike, tutachapa majibu yake yote bila ya kupunguza neno, pamoja na karatasi za vipimo vya wagonjwa aliowaponya, kabla na baada.

Mzee alifanyiwa upasuaji baada ya Idi. Figo zimerudi kwa sehemu, si zote, na chumvi amekatazwa. Pesa ya tangazo lile tumeipeleka kwa mkewe, aliipokea na hakusema kitu. Nafasi ya tangazo katika ukurasa wa mwisho, kuanzia toleo hili, tumeweka maswali saba kwa herufi kubwa. Ukatwe ukurasa huo, ubandikwe ndani ya mlango wa choo cha wanaume, kila msikiti.

Wabillahi tawfiq.